Waliobeba Mawe ya Horombo

Mpandaji wa Mlima Kilimanjaro anayepitia lango la Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara na usiku wa pili Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa imeshakuwa nyepesi, na wengi hushauriwa kukaa siku moja zaidi ili mwili uzoee. Vibanda vya mbao vimepangwa vikitazama bonde, mapaa yake yameshuka hadi karibu na ardhi. Jioni wapagazi, wenyewe wanaitana wagumu, hushusha mizigo na kukusanyika jikoni kuota moto. Vijana wengi wa Mwika, Mamba na Marangu wamepata ada ya shule, bati la nyumba au mtaji wa duka kutokana na njia hiyo. Jina la Horombo hutajwa pale mwaka mzima, kwa lafudhi za mataifa yote. Wanaouliza Horombo alikuwa nani ni wachache.

Alikuwa jirani yetu sisi wa Mwika. Mwika iko ukingoni mwa Vunjo. Ukiendelea mashariki unaingia Rombo, na huko Keni ndiko Horombo alikotawala, mwanzoni mwa karne ya 19, kabla mmisionari Johannes Rebmann hajafika mlimani mwaka 1848. Enzi hizo Uchagga ulikuwa nchi ndogondogo nyingi, kila nchi na mangi wake, yaani mtawala wake, makorongo yakiwa ndiyo mipaka. Horombo hakuridhika na ukubwa huo wa nchi. Alizishinda nchi kadhaa za upande wa mashariki, akaziweka chini yake, na akajenga Keni ngome za mawe, wakati ambapo wengi mlimani walikuwa wakijificha dhidi ya adui katika mashimo waliyochimba chini ya ardhi. Kupanga mawe hayo hadi yakawa kuta za ngome kulitaka ufundi, chakula cha wajenzi, ratiba ya kazi na mtu wa kusimamia yote. Kwa lugha ya leo, huyo alikuwa kiongozi wa teknolojia. Mwisho wake aliuawa vitani na Wamaasai, na umoja alioujenga ukasambaratika muda mfupi baada ya kifo chake.

Ukiwasikiliza watu wa upande ule wakimzungumzia, utasikia fahari. Ni haki yao. Lakini simulizi zilezile zinazomsifu zinasema pia kwamba watu wa nchi alizozishinda waliletwa Keni kufanya kazi ya kujenga. Hakuna mangi aliyewahi kujenga ngome kwa mikono yake mwenyewe. Yapo mabega yaliyobeba mawe, yapo mashamba yaliyobaki bila kupaliliwa kwa sababu wenyewe walikuwa Keni, wapo akina mama waliowangoja vijana wao. Jina la yule aliyeamuru tunalo hadi leo, limeandikwa hata kwenye ramani za watalii. Ya wale waliobeba hatuna hata moja.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu naona kwamba ndivyo tunavyowakumbuka karibu wakubwa wote wagumu. Kituo kile cha Horombo chenyewe ni somo. Zamani kiliitwa kwa jina la Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa kamishna wa Kilimanjaro mwaka 1891. Kwenye boma lake pale Marangu, mwendo mfupi tu kutoka Mwika, aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe, na baadaye akamnyonga mwanamke kijana aliyeitwa Jagodja. Habari zilipofika bunge la Berlin zilizua kashfa, na mwaka 1897 akafukuzwa katika utumishi wa serikali. Hata hivyo wapo waliomwita shujaa, na mwaka 1937 Hitler alimsafisha jina, miaka mingi baada ya kuzikwa. Kwetu jina lake liliondolewa mlimani, na hilo lilikuwa jambo la haki kabisa. Mtu wa Keni amekaa mahali pa mtu aliyetuletea kitanzi. Ila kubadilisha kibao ni nusu ya kazi. Mabruk na Jagodja hawana kibao popote kwenye njia ile, na waliobeba mawe ya Horombo nao hawana.

Ndivyo ilivyo hata kwa wakubwa wa siku zetu. Tarehe 5 Oktoba 2011 alifariki Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, akiwa na umri wa miaka 56. Dunia ilimlilia kwa namna ambayo matajiri hawaliliwi. Mbele ya maduka ya Apple watu waliweka maua, mishumaa na matofaa yaliyoumwa upande mmoja mfano wa nembo ya kampuni. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Walikuwa wanamshukuru kwa kitu walichokishika mkononi kila siku. Hata kwetu mlimani, simu ya kugusa kwa kidole, ambayo leo bibi mwenye mjukuu Dar es Salaam anaitumia kumwona usoni, ilipata umbo lake tunalolijua kutokana na simu aliyoizindua mwaka 2007. Shukrani hiyo ilikuwa ya kweli na sina neno la kuipinga.

Wiki hizo hizo za msiba, ukatoka wasifu wake ulioandikwa na Walter Isaacson. Jobs mwenyewe ndiye aliyemwomba mwandishi aifanye kazi hiyo, na hakutaka kukisoma kitabu na kukikata kabla hakijachapishwa. Nampa heshima kubwa kwa hilo. Ndani yake watu walisoma jinsi alivyokuwa akiwadhalilisha wafanyakazi mbele ya wenzao, alivyochukua wazo la mtu na kulirudisha kesho kama lake, na alivyomkana bintiye Lisa kwa miaka, ilhali mwaka 1983 kampuni yake iliuza kompyuta yenye jina hilohilo la Lisa. Kampuni ilipoingia kwenye soko la hisa mwaka 1980, baadhi ya vijana waliokuwa naye tangu siku za mwanzo, akiwemo rafiki yake wa karibu Daniel Kottke, hawakupata hisa kutoka kwake. Mwanzilishi mwenzake, Steve Wozniak, alichukua hisa zake mwenyewe akawagawia watu wa namna hiyo. Tena mwaka 2010, kwenye kiwanda cha Foxconn mjini Shenzhen, China, kilichounganisha simu hizo, wafanyakazi zaidi ya 10 walijiua, na kampuni ikatandaza nyavu kuzunguka majengo ili wanaojirusha wasifike chini.

Basi watu wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema haya yasitajwe, marehemu hasemwi vibaya. Kundi jingine lilisema alikuwa mtu katili na sifa zote ni propaganda. Mabishano ya makundi haya mawili hayanitishi sana, maana kila moja likichoka huwa linamsikiliza mwenzake. Linalonitisha ni kundi la tatu, ambalo ndilo limeshinda. Hili linakubali ubaya wote, halafu linaugeuza kuwa siri ya mafanikio. Linasema: asingekuwa mkali kiasi kile, asingetengeneza alivyotengeneza. Kutoka hapo, dharau ikawa dalili ya akili nyingi. Kumfokea mtu hadi alie kukaitwa kudai ubora.

Fundisho hili limeshafika kwetu. Ziko ofisi Moshi, Arusha na Dar es Salaam ambako bosi kijana, mwenye kompyuta mbili mezani na programu moja ambayo bado haijaleta shilingi, huwatukana wenzake mbele ya wageni na kuamini kwamba anafuata nyayo za mkubwa fulani. Mishahara inachelewa miezi, na anayeuliza huambiwa hana maono. Kijana wa miaka 23, aliyetoka kijijini na cheti chake, anatoka pale akiamini kwamba kosa ni lake, kwamba angekuwa na kipaji cha kweli angevumilia. Kwa hiyo jinsi tunavyomkumbuka marehemu wa California inaamua jinsi mtoto wa Mwika atakavyotendewa Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala hili kama umbea wa matajiri.

Na fundisho lenyewe si kweli. Hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha. Tarehe 1 Julai 2019 alifariki Nairobi Bob Collymore, Mkurugenzi Mtendaji wa Safaricom, baada ya kuugua saratani ya damu. Alizaliwa Guyana mwaka 1958 na aliiongoza kampuni hiyo tangu Novemba 2010. M-Pesa aliipokea ikiwa imeshaanza, tangu Machi 2007, na chini yake ikakua hadi ikawa uti wa mgongo wa biashara ndogo Kenya. Alipofariki, wengi hawakuanza na faida ya kampuni. Walianza na mtu: alivyotangaza mali zake hadharani bila kulazimishwa, alivyoupenda muziki wa jazi na kuutumia kusaidia vijana, alivyozungumza na watu wa chini kama watu. Malalamiko juu ya ukubwa wa Safaricom sokoni yalikuwapo na yanaendelea, na kumtaja kwa wema hakuyafuti. Lakini kampuni haikudhoofika kwa sababu bosi alikuwa mwungwana. Anayesema kazi kubwa haifanyiki bila kuvunja watu, na aeleze kazi hii ilifanyikaje.

Kuna kazi ya teknolojia kongwe zaidi ya hizi zote, na iko hapa hapa mlimani. Ni mifereji, ile tunayoiita mifongo. Kabla ya kuja kwa mgeni yeyote mwenye darubini ya kupimia ardhi, babu zetu walitoa maji kwenye makorongo ya juu, wakayazungusha ubavuni mwa vilima kwa mteremko mdogo mno, mahali pengine wakayavusha bondeni kwa magogo yaliyotobolewa, hadi yakafika kwenye migomba na kahawa ya leo. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo, ukipungua, yanatuama. Hilo walilipima kwa jicho na kwa kuyaangalia maji yenyewe yanavyokwenda. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mifereji ni sehemu yake.

Mfereji una mwanzilishi. Jina lake au la ukoo wake hubaki, na kwa desturi uongozi wa mfereji umekaa kwa ukoo huo. Huyo naye bila shaka alikuwa mtu mgumu wakati mwingine, maana kuwashawishi watu wachimbe miezi kadhaa kwa maji ambayo hawajayaona si kazi ya mpole asiye na msimamo. Heshima yake haina ubishi. Ila angalia jambo la pili, ambalo ndilo ninaloliona kuwa hekima kubwa. Haki ya kutumia maji walipata pia wale waliochimba, na uzao wao ukairithi. Zamu ya maji ikigawiwa, kila ukoo unapata kwa sababu babu yao alishika jembe siku ile. Ikifika msaragambo wa kusafisha mfereji, anayetoka na jembe lake analinda haki ya wajukuu wake, na asiyetoka anatozwa faini. Mwanzilishi anakumbukwa kwa jina, mchimbaji anakumbukwa kwa maji yanayoingia shambani mwake. Hapo hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya kumheshimu mkubwa na kuwahesabu wadogo.

Linganisha hilo na ngome za Keni. Kuta za Horombo zilijengwa na watu ambao, alipokufa, hawakuona sababu ya kuulinda umoja wake hata kwa siku moja. Nafikiri ndiyo hukumu ya haki kuliko zote juu ya ukali wake, na haikutolewa na adui zake. Ilitolewa na walioachiwa mawe. Mifereji, kwa upande wake, imepita enzi za mamangi, za Wajerumani, za Waingereza na za uhuru, na palipo na maji bado watu wanatoka kuisafisha.

Kwetu Mwika mahali ambapo kumbukumbu ya mtu hutengenezwa rasmi ni kwenye mazishi. Jeneza limewekwa mbele ya nyumba, turubai limefungwa hadi kwenye migomba, wageni wa mbali wamekaa viti vya mbele na majirani wamesimama pembeni wakiwa na viatu vya shamba. Kaburi limeshachimbwa kwenye kihamba, udongo mwekundu umelundikwa kando. Kisha msemaji wa familia anachukua kipaza sauti na karatasi yake. Wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliacha watoto na wajukuu kadhaa. Alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Wote wanaitikia kimya. Na mara nyingi, nyuma kabisa, yuko mtu mmoja anayetazama chini, kwa sababu sifa ile ya mwisho haikumfikia. Inawezekana ni kijakazi aliyefukuzwa bila ujira, inawezekana ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye jina lake halimo kwenye ile karatasi. Hakuja kuleta fujo. Amekuja kumzika mtu wake. Ila karatasi ile imemzika na yeye.

Sidai kwamba kaburini ndipo mahali pa kusomea mashitaka. Wafiwa wanastahili faraja, na siku hiyo ni ya kulia. Desturi ya kutomsema marehemu vibaya ina busara yake: aliyekufa hawezi kujitetea. Lakini busara hiyo iliwekwa kumlinda asiyeweza kujibu, haikuwekwa ili kumnyamazisha aliyeumizwa. Na kwa watu wa umma, ambao maisha yao yatafundishwa kwa wengine, ukimya huo hauwezi kudumu baada ya matanga kuanuliwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkubwa naye tumpe haki yake yote, sifa zake na lawama zake, na tusimchagulie moja.

Tena tuna njia yetu ya kushughulika na kosa zito. Mchagga aliyemkosea mwenzake hupeleka isale. Jani lile la kijani, linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee, likifungwa fundo na kuletwa na mzee wa kati, aliyekosewa huona vigumu mno kulikataa. Watu waliochukiana miaka wamepatana kwa jani hilo. Wageni hushangazwa na nguvu ya kusamehe iliyomo. Mimi hunigusa zaidi kile kinachotangulia. Isale haliletwi kwa kosa lisilotajwa. Mwenye kosa hukubali kwanza kwamba alifanya hiki, kwa mtu huyu. Na anayelipokea ni aliyekosewa mwenyewe. Jirani hawezi kulipokea kwa niaba yake, hata kama jirani huyo alimpenda mkosaji na kula kwake.

Hapo ndipo umma unapokosea kwa wakubwa wake. Sisi tulionufaika na simu, barabara, kiwanda au kampuni tunasema tumemsamehe fulani kwa ukali wake. Tumemsamehe kwa lipi, ilhali hakutukosea? Lisa Brennan-Jobs, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameeleza kwamba baba yake katika siku zake za mwisho alimwomba radhi na kukiri kuwa ana deni kwake. Aliyekuwa na haki ya kusamehe ni Lisa, na kitabu chake kinaonyesha binti aliyempenda baba yake bila kuficha alivyomuumiza. Maua ya mbele ya maduka hayakuweza kufanya kazi hiyo. Aidha, mchimbaji wa kobalti wa Kolwezi nchini Kongo, anayezungumza Kiswahili kama sisi na ambaye jasho lake limo kwenye betri za simu tunazozisifia, hajawahi kuulizwa kama amesamehe.

Kwa hiyo naliomba jambo moja kwa wote wenye kalamu na vipaza sauti: waandishi wa wasifu, walimu, wahubiri, wasemaji wa familia, waongozaji wa watalii. Mkimtaja aliyejenga, tajeni pia waliobeba. Mwongozaji anapofika Horombo na wageni wake, awaambie kulikuwa na mangi mwenye maono makubwa na kulikuwa na watu walioletwa kumjengea. Awaonyeshe wagumu waliobeba mizigo yao siku hiyo, na awataje kwa majina. Mwalimu anayewafundisha vijana habari za Jobs asimwache Wozniak na hisa zake, wala wale wa Shenzhen. Na anayeandika karatasi ya kusomwa kwenye msiba, kabla hajaandika kwamba marehemu alipenda watu, apite kwanza jikoni na shambani awaulize waliomtumikia.

Nanyi mlio wakubwa leo, mnaoongoza kampuni na miradi, na mna vipaji ambavyo nchi hii inavihitaji: isale hupelekwa na aliye hai. Kama yupo mliyemvunja ili kazi iende, mnajua anakokaa. Nendeni sasa.